YA UKUMBINI: Na Mabinti Watatu Anao!

Tumejaaliwa tena kukutana katika ukurasa huu wetu wa kila mwaka, na kabla ya yote nawashukuru walioniandikia na walionipigia simu juu ya maneno yangu ya mwaka uliopita kuhusu bokoboko. Wale waliosema bokoboko langu lina ngano nyingi na nyama kidogo nimewasikia, na jawabu yao nitawapa siku watakayokuja kula. Mwaka huu natoka jikoni, nashika fagio.

Mhariri wetu, ambaye nimemlea mwenyewe na kwa hivyo namwogopa kidogo tu, aliniomba niandike kwa nini wanawake ni wasafi kuliko wanaume. Nikamwuliza, "Nani aliyekwambia?" Akacheka, akasema, "Shangazi, hilo linajulikana." Basi nimekaa na hilo linalojulikana miezi mingi, khasa kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika nyumba ya kaka yangu mkubwa hapa Al Khuwair, na nimeona kuwa silo kama linavyojulikana. Ruhusa ya kuyasimulia nimeipata kwake. Alisema, "Andika, lakini jina usinitaje." Nikamwambia nisipolitaja ndipo watu wote watakapojua kuwa ni wewe. Akasema, "Si neno, lakini usinitaje."

Kwanza mtazameni mwanamume wetu anapotoka nyumbani asubuhi. Kanzu nyeupe haina kunyanzi wala doa. Kofia ya kutunga imefuliwa, imetiwa wanga, imekaa kichwani kama iliyozaliwa naye. Kile kishada cha shingoni kimechovywa mafuta mazuri, na nguo zimefukizwa udi. Tone moja la mchuzi likimrukia kwenye mkono wa kanzu ataliona kabla halijakauka, na hatatulia mpaka abadilishe. Mtu huyo huwezi kuniambia hana jicho la uchafu. Jicho lake zima kabisa. Lakini taulo alilojifutia liko kitandani, limelowesha shuka, na gilasi ya maji aliyoiacha chini ya kiti tangu jana anaipita mara tatu bila ya kuiona. Sasa nambieni, hili ni jambo la macho au ni jambo la kujua kuwa yupo atakayeiokota?

Niwarudishe nyuma kidogo, maana bila ya hapo khabari ya kaka haitaeleweka.

Sultani Qaboos, Mungu amrehemu, alishika utawala tarehe 23 Julai 1970, na akawaita Waomani waliokuwa nchi za nje warudi kujenga kwao. Katika waliorudi miaka ile wengi walitokea Unguja na Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, na wengine Misri, Kuwait na Uingereza. Kaka alifika mwaka 1972, kijana wa miaka 24, hana mke. Alipanga nyumba Mutrah pamoja na vijana wenziwe watano, vyumba viwili na ua wa mchanga. Wale waliozaliwa baadaye hawawezi kuijua Muscat ile. Maji yalikuwa ya kisima au ya kuletwa na gari, kwani mtambo wa Ghubra wa kusafisha maji ya bahari haukuanza mpaka mwaka 1976, na kila ndoo ilikuwa na hesabu yake. Vumbi lilikuwa hili hili.

Mimi na mama tulimfuata mwaka 1973. Mama alikuwa amejitayarisha kwa vita. Ndani ya mzigo wake, baina ya kanga na chupa za achari, alitia fagio la njukuti alilolitoa Unguja, maana alisema, "Wanaume sita ndani ya nyumba moja, tutakuta jaa." Tulipofika tulikuta ua umefagiwa na mistari ya fagio bado inaonekana mchangani. Sufuria zimesuguliwa zikawa nyeupe, zimetundikwa. Kila mtu na msumari wake wa taulo. Kwenye ukuta wa jikoni kumeandikwa kwa kalamu ya risasi siku saba za wiki, na kila siku ina jina la mtu, na Ijumaa wote. Mmoja wao alikuwa baharia zamani, na yeye ndiye aliyeweka sheria: kitu kina mahala pake, na aliye zamu halali mpaka jiko liwe safi.

Mama alizunguka nyumba nzima hajasema kitu. Mwisho akauliza, "Nani anayefagia hapa?" Kaka akajibu kwa fakhari, "Leo mimi."

Mama akalia. Nami nilidhani ni furaha. Usiku ndio akaniambia, "Mwanangu anafagia kama asiyekuwa na watu." Asubuhi yake nikajifunga kanga kiunoni, nikamwendea kaka uani, nikamtoa fagio mkononi. Alishikilia kidogo, kisha akaliachia. Nilikuwa na umri wa miaka 20, na nilijiona nimefanya jambo la heshima. Zile zamu za ukutani hazikupita mwezi, tukazipaka chokaa. Mwaka 1975 kaka akaoa, wifi yangu akaingia nyumbani, na tangu siku hiyo mpaka mwaka juzi sikumwona kaka ameshika fagio.

Sitaki mtu aseme kaka ni mvivu. Kafanya kazi miaka thelathini na ushei, kasomesha watoto saba, wanaume wanne na wanawake watatu. Lakini kuna vitu alivijua kwa mikono yake akavisahau, na tuliomsahaulisha ni sisi tunaompenda.

Mwaka juzi wifi akafariki, Mungu amlaze pema. Mtumishi waliyekuwa naye, msichana wa Tanga, alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao mwezi ule ule. Kaka akabaki katika nyumba kubwa na mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka 26 ambaye bado hajaoa. Mtoto wa kwanza wa kiume anakaa Sohar. Wa pili anakaa juu, orofa ya pili ya nyumba hiyo hiyo, na mkewe. Wa tatu yuko kwenye mafuta huko jangwani, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Mabinti, mkubwa ni mwalimu wa skuli na anakaa Seeb. Wa kati anafanya kazi benki Ruwi. Mdogo ni nesi, anakaa Barka na ana watoto wawili wadogo, na kutoka kwake mpaka kwa baba ni karibu saa nzima ya barabara.

Bila ya mtu yeyote kusema neno, mabinti watatu wakagawana siku. Hakuna kikao kilichokaa wala baba hakuomba. Ilikuwa kama maji yanavyojua pa kuteremkia. Yule wa Barka akitoka zamu ya usiku hospitalini, Jumanne, anakuja kwa baba, anafagia, anapiga deki, anafua, anapika sufuria ya siku mbili, kisha ndiyo anarudi kwake kulala. Na katika vyombo anavyoviosha, nusu ni vikombe vya yule kaka yake anayeishi mle ndani. Kijana huyo, na nampenda, alikuwa akivipanga vizuri tu kwenye sinki, kimoja juu ya kimoja, kumsubiri dada aje kutoka Barka.

Wanaume walikuja vile vile, nisiwadhulumu. Walikuja kila Ijumaa na samaki na matunda, wakakaa na baba, wakamliwaza. Mmoja alimnunulia mashine mpya ya kuvuta vumbi, ya bei. Ilikaa ndani ya boksi lake nyuma ya mlango.

Ikafika Iddi Ndogo. Nyumba ikajaa wageni. Bibi mmoja wa ukoo wetu, na sikusudii kumtaja, alisimama mbele ya kabati la vikombe vya wifi, akapitisha kidole juu ya ubao, akakitazama, akasema kwa sauti ya huruma: "Maskini kaka yetu. Na mabinti watatu anao!"

Hakusema kuwa anao wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa ameliegemea kabati lenyewe.

Binti wa kati alikuwa mlangoni na dele la kahawa. Alisikia. Akamaliza kuwamiminia wageni wote, akaosha vikombe, akambusu baba yake mkono, akaondoka. Hakurudi tena nyumba ile kwa miezi mitano. Baba akimpigia simu anajibu kwa adabu zote, anamwuliza hali, anamwombea afya, lakini haji. Na kaka, kwa kiburi chake cha kizee, hakumwambia njoo.

Sasa nitasema langu. Mimi nilikuwa nimeliona vumbi lile kabla ya yule bibi. Na moyoni nilimlaumu nani? Nilimlaumu binti wa kati, kwa kuwa Jumamosi iliyopita ilikuwa siku yake. Yeye kasema kwa mdomo, nami nilisema kwa moyo, na tofauti yetu ni hiyo tu.

Mjukuu wangu mmoja anasoma chuo, na nilipomsimulia haya akaniletea khabari iliyonikaa. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa elimu ya jamii, Sarah Thébaud, Sabino Kornrich na Leah Ruppanner, walitangaza utafiti walioufanya kwa mamia ya watu huko Marekani. Waliwaonyesha picha ya chumba. Wengine walipata picha ya chumba kikiwa nadhifu, wengine kikiwa kimevurugika. Tena wengine wakaambiwa chumba ni cha mwanamume, wengine wakaambiwa ni cha mwanamke. Chumba ni kile kile, kilichobadilika ni jina la mwenyewe tu. Wanaume na wanawake waliuona uchafu karibu sawasawa, kwa hivyo ile hoja ya kuwa wanaume hawaoni ikaanguka hapo. Lakini chumba nadhifu, walipoambiwa ni cha mwanamke, watu walikiona si kisafi kama walipoambiwa ni cha mwanamume, na wakasema wageni wakija watamfikiria vibaya zaidi huyo mwanamke. Niliposikia hayo nikakikumbuka kile kidole. Wamarekani nao wana bibi yao anayesimama mbele ya kabati.

Na Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu mwaka 2018 kuwa kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, dunia nzima, mwanamke kwa wastani anazifanya saa 4 na dakika 25 kwa siku na mwanamume saa 1 na dakika 23. Kila mtu ajipimie kwake.

Lakini mimi nataka kuuliza suala jengine. Kama usafi ni maumbile ya mwanamke, nani alikuwa akifagia msikiti? Huko Unguja msikiti wa mtaa wetu ulifagiwa na wanaume, mikeka ikikung'utwa na wanaume, birika ikikombwa na kujazwa na wanaume, na ilikuwa ikimeta. Majahazi nayo: chombo kikipandishwa pwani, nani aliyekwangua ngama, akapaka shahamu na chokaa? Wanaume. Na huku Oman, wanaoingia ndani ya falaj kutoa matope na mchanga ili maji yapite ni wanaume, baba kwa mwana, na kazi hiyo ina heshima hata UNESCO mwaka 2006 ikaziweka falaj tano katika urithi wa dunia. Maiti wa kiume anaoshwa na wanaume. Na katika nyumba za Wazungu wa Unguja ya kikoloni aliyepiga pasi, aliyefuta fedha na kupanga meza alikuwa boi, mwanamume mwenye ndevu, na wengi wao walikuwa Wangazija mashuhuri kwa unadhifu wao. Huyo huyo akirudi kwake jioni anavua koti, anakaa barazani, anangoja aletewe maji ya kunawa.

Nimelipima hili nikaona kuwa usafi wa mwanamume uko nje. Una mwanzo na mwisho, una watu wanaouona na kusema mashaallah, na mara nyingi una mshahara au thawabu. Usafi wa ndani hauna mwisho. Gilasi uliyoiosha saa mbili itakuwa chafu saa tatu, na hakuna aliyewahi kusema mashaallah kwa sinki tupu. Ukifanywa hauonekani, unaonekana siku usipofanywa, na siku hiyo ndiyo anayotafutwa mwenyewe. Mtume wetu (S.A.W.), kama Bibi Aisha alivyosimulia alipoulizwa, akiwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake, mpaka wakati wa Sala ukifika ndipo hutoka. Tunaisikia hadithi hiyo kwenye khutba, tunaitikia, kisha tunarudi nyumbani tunasema chai iko wapi.

Wala sisi wanawake sitotusafisha. Mtoto wa kike tulimfundisha kutandika kitanda akiwa na miaka sita, na ndugu yake tulimtandikia mpaka alipooa. Tena tukamchagulia mke kwa kuuliza, "Nyumba yao safi?" Sijapata kusikia mtu ameulizwa hivyo juu ya mwanamume anayekuja kuposa. Wanamwuliza kazi, ukoo na Sala zake. Mimi mwenyewe nimekwenda kuposea watu mara kumi na moja na sikuuliza.

Narudi kwa kaka. Mwezi wa tano wa ule ukimya nikawaita wote saba, Ijumaa baada ya Laasiri, nyumbani kwa baba yao. Binti wa kati hakuja, alituma salamu. Yule wa Sohar alikuja na akawa wa kwanza kusema, na maneno yake yalikuwa ya mtu mwema: "Shangazi, tutachanga, tumletee baba mtumishi, yaishe." Wote wakaitikia, hata mabinti.

Kaka akakataa. Alisema hawezi kumweka mtoto wa watu, msichana peke yake, katika nyumba ya wanaume wawili wasio maharimu zake. Na mimi nikamwunga mkono, na nikaongeza yangu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Emarati, na yamo ya pasipoti kushikwa na watu kukosa siku ya kupumzika. Tuliposoma wengi wetu tulisema hao ni watu wengine, si sisi. Inawezekana. Lakini tumezoea kila tunaposhindwa kuelewana baina ya mwana wa kiume na wa kike, kumtafuta binti wa mtu mwengine, anayesema Kiswahili kama sisi, tumtie katikati ili sisi tusizungumze. Na watoto wetu, wa kike na wa kiume, wanakua hawajui ndoo iko wapi, ila wa kike bado ndiye atakayeaibishwa nayo.

Basi kukawa kimya. Kijana wa orofa ya pili akasema mkewe atakuwa anashuka kila siku. Nikamwuliza, "Mkeo? Na wewe miguu yako inapanda tu, haishuki?" Akacheka, kisha akaona kuwa sichezi.

Ndipo nikawahadithia ukuta wa Mutrah. Wallahi hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Walimtazama baba yao kama mtu aliyekuwa na mke wa siri. Binti mkubwa akamwuliza, "Baba, wewe ulikuwa unafua shuka?" Kaka akasema, "Shuka, na sufuria, na choo. Jumatatu ilikuwa yangu." Na mimi nikawaambia yaliyobaki, kuwa fagio nilimtoa mkononi mimi, na mama alilia, na miaka hamsini sikulifikiri jambo hilo mpaka niliposikia, "Na mabinti watatu anao."

Kaka akainuka. Tulidhani anakwenda kutawadha. Akarudi na ndoo na fagio, akasimama katikati ya ukumbi, mzee wa miaka 77 na kanzu yake, akawaambia wanawe, "Vumbi la Muscat halifagiwi kavu. Ukilifagia kavu linaruka, linakungoja juu, linashuka ukishamaliza." Akachovya vidole, akanyunyiza maji sakafuni kama anayepiga maji ya waridi kwenye maulidi, akaanza kufagia kutoka pembeni kuja mlangoni. Mkono haujasahau. Alipochoka akampa fagio yule wa mwisho, naye akaanzia katikati. Kaka akamwambia, "Pembeni, baba. Uchafu hauanzii katikati." Ilituchekesha, ikawa rahisi kidogo.

Zamu zikaandikwa. Nilisema ziandikwe kwenye karatasi, kaka akasema hapana, ukutani, kwa kalamu ya risasi, juu ya friji. Jumatatu akaitaka mwenyewe. Wanaume wanne wakapewa siku, na aliye jangwani akapewa wiki zake za mapumziko. Mimi nikasema mabinti wasiandikwe kwanza, wapumzike miezi mitatu, wakija waje kama wanavyokuja kaka zao, kukaa.

Na hapo ndipo lilipotoka nisilolitazamia. Aliyekataa hakuwa mwanamume. Alikuwa binti mkubwa. "Shangazi, vikombe vya mama watavipangusa vipi hawa? Watavivunja." Akalia kweli kweli. Nilimwelewa. Miaka yote hii kabati lile lilikuwa la mama yake, kisha likawa lake, na lawama yake ilikuwa yake na sifa yake vile vile. Ukimwondolea mtu mzigo aliouzoea, anahisi umemwondolea na mahala pake. Tunawataka wanaume wasaidie, kisha tunasimama nyuma yao tunasema siyo hivyo, kitambaa hicho ni cha meza, toka nifanye mwenyewe. Mimi ni bingwa wa hilo, mume wangu ni shahidi.

Na kweli walikivunja. Wiki ya tatu, yule wa orofa ya pili alikuwa anaosha vikombe vya mama yao, vile vyenye ukingo wa dhahabu, kumi na viwili, kimoja kikamponyoka. Alinipigia simu mimi kwanza, sauti inatetemeka, mtu mzima mwenye watoto. Sasa vimebaki kumi na kimoja. Binti mkubwa hakusema naye siku nne. Kaka alivikusanya vipande, akavifunga kwenye kitambaa, na sijui ameviweka wapi.

Msidhani nyumba ile sasa inang'ara. Dirisha la ngazini halijafutwa tangu Iddi Kubwa. Mtu mmoja alimimina dawa ya chooni kwenye ndoo ya nguo, na kanzu tatu za kaka zimekuwa na mawingu. Yule wa Sohar amekosa zamu yake mara mbili, na kaka akamwandikia deni ukutani, alama mbili, hazifutwi mpaka alipe. Boksi la mashine limefunguliwa.

Binti wa kati alikuja mwezi uliopita. Hakuna aliyemwita. Nilikuwapo, ilikuwa Alhamisi jioni. Aliingia, akasalimia, akambusu baba yake mkono, na sote tulimwona akilitazama kabati. Hakulisogelea. Mkoba aliuweka mapajani kama mgeni. Ndugu yake wa mwisho akaleta chai mwenyewe, gilasi zinachuruzika maji kwa nje na sinia imelowa. Akanywa, akasema, "Sukari nyingi." Kijana akasema, "Mara ya pili nitapunguza." Wakazungumza khabari za benki, za joto, za watoto wa Barka wanaoota meno.

Alipomaliza akainuka, kakamata gilasi yake na ya baba, anaelekea jikoni, hata hakujijua. Kaka akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia, "Kaa. Leo Alhamisi, si zamu yako." Akasimama pale mlangoni, gilasi mkononi. Ndugu yake akamwendea akazichukua. Kisha akarudi, akakaa, na mkoba akauweka chini.

Wasalaam, mpaka mwakani inshallah.